Nani Alikuwa Bondeni?

Mwalimu Dorkasi hakuzaliwa mkali. Ukali aliuokota Pangani, katika shule yake ya kwanza, mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Alikuwa msichana wa Vuga aliyetoka chuo cha ualimu na cheti kizuri, sketi mbili na Kiswahili chenye lafudhi ya milimani, na watoto wa pwani walimcheka tangu siku ya kwanza alipofungua kinywa. Alipowageuzia mgongo kuandika ubaoni, walimwigiza. Alipowakemea, waliigiza na kule kukemea kwake. Siku mkaguzi alipokuja, darasa lilikuwa kama mnada wa samaki. Mkaguzi alisimama mlangoni kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Jioni ile Dorkasi alilia mpaka kichwa kikamuuma. Kesho yake, akielekea shule, alikata fimbo ya mpera.

Fimbo ilimfaa. Darasa lilinyamaza, na katika ule ukimya aligundua kwamba yeye ni mwalimu hodari kweli: anajua kueleza hesabu za mafungu mpaka mtoto mzito akaelewa. Basi akaamini kwamba ukimya na hesabu ni kitu kimoja, na alipohamishiwa Kwemtindi, shule iliyo juu ya Mgwashi karibu na msitu, alikuja na imani hiyo kama mtu anavyokuja na godoro lake.

Huko Kwemtindi walimheshimu. Darasa lake la nne lilifanya mtihani vizuri kuliko shule zote za jirani, na wazazi walimletea maharage, viazi, siku nyingine jogoo mzima aliyefungwa miguu. "Mwalimu asiyeogopwa hafundishi," walisema, na yeye alikubali kwa kichwa. Akipita kijijini, watoto waliacha mchezo na kusimama wima kando ya njia. "Shikamoo, mwalimu." Walisema wote pamoja, kwa sauti moja, na macho yakiwa chini.

Mwenzake, Mwalimu Hamisi, alikuwa kijana wa Tanga mjini aliyefundisha darasa la pili na nyimbo. Watoto walimning'inia mikononi kama ndizi. Dorkasi alikuwa akimwambia, "Hao si wenzako, Mwalimu Hamisi. Watakupanda kichwani." Hamisi alicheka tu.

Februari ya mwaka 1973, mwalimu mkuu aliitwa Lushoto kwenye semina ya Elimu ya Kujitegemea, akamwachia Dorkasi shule. Majuma yale mapeasi yalikuwa yameiva. Chini ya shule, bondeni, kulikuwa na bustani ya mzee mmoja aliyeitwa Yohane, na wanafunzi walikuwa wakiteremka wakati wa mapumziko na kuyavuna kabla ya mwenyewe. Mzee Yohane alikuja kulalamika. Asubuhi iliyofuata, mbele ya bendera, Dorkasi alisema maneno machache.

"Kuanzia leo, bondeni ni marufuku. Atakayekwenda huko, atanikuta mimi."

Akageuka, akaingia ofisini.

*

Mbwa alikuja siku ya kazi za shamba, saa za mapumziko, jua likiwa limeshatoboa ukungu. Darasa la saba walikuwa bado wanapalilia maharage ya shule. Wadogo walikuwa wametawanyika uwanjani. Dorkasi alikuwa ofisini akinywa chai aliposikia kelele, na akazijua mara moja kuwa si kelele za mchezo.

Alipotoka alimwona. Mbwa mwekundu, mkondefu, mkia katikati ya miguu, anatembea upande upande kama mlevi. Hakubweka. Udenda ulimtoka kama uzi. Alipita katikati ya watoto kana kwamba hawaoni, kisha akageuka ghafla, akamrukia mvulana mmoja wa darasa la tatu, Fanueli, akamng'ata nyuma ya mguu, akamwachia, akaendelea na safari yake. Wavulana wa darasa la saba walikuja mbio na majembe. Hamisi ndiye aliyempiga la kwanza. Walimpiga mpaka hakubaki wa kupigwa.

Mzee Yohane alifika akihema, ameshika panga. "Huyo, huyo," alisema. "Amepita kwangu. Nimesikia mtoto amepiga ukunga mle kwenye mapeasi. Nimekwenda mbio, sikukuta mtu."

Dorkasi aligeuka akawatazama watoto. Walikuwa wameshasogea pamoja, kundi moja la masweta ya bluu, na nyuso zote zilikuwa zimefungwa.

"Nani alikuwa bondeni?" aliuliza.

Macho yote yakashuka chini.

"Nauliza, nani alikuwa bondeni?"

"Hatujui, mwalimu," wakajibu wote pamoja, kwa sauti moja.

Fanueli alibebwa hadi zahanati ya Mgwashi. Mganga wa pale alikuwa mtu mzima wa Tanga aliyeitwa Darweshi, ambaye kijiji kizima kilimwita daktari, naye hakukataa. Aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, tena na tena, mtoto akilia. Alipomaliza, alimvuta Dorkasi nje, chini ya paa la bati.

"Huyu atakwenda hospitali Bumbuli leo leo. Kuna sindano, wanachoma tumboni kila siku. Zinauma, lakini zinaokoa. Je, ni yeye peke yake?"

"Huenda kuna mwingine."

"Huenda?"

Dorkasi akamweleza. Darweshi alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, ingawa haikuwa na vumbi.

"Sikiliza, Mwalimu. Ugonjwa huu hauna haraka. Unaweza kukaa majuma, unaweza kukaa miezi. Mtoto anacheza, anakula, jeraha linafunga. Halafu siku moja anaomba maji, na akiletewa maji anapiga kelele. Mimi nilimwona mtu Mombo, mbeba magunia, mwanamume wa miraba minne. Wanaume wanne hawakuweza kumshika. Ikishafika hapo, hakuna sindano, hakuna Bumbuli, hakuna Muhimbili. Ni kuchimba kaburi tu." Akarudisha miwani machoni. "Mtafute. Hata kama ni mkwaruzo wa kama ukucha, mtafute."

Dorkasi alipanda mlima kurudi shuleni.

*

Alianza kwa njia aliyoijua. Aliwapanga mstari, darasa kwa darasa, akawakagua miguu. Mbwa huuma miguu, ndivyo alivyofikiri. Alichuchumaa mbele ya kila mtoto, akapitisha mkono kwenye mashavu ya miguu, akatazama magoti, akatazama vidole. Miguu mingine ilikuwa na vidonda vya majembe, mingine funza. Na kila mguu alioushika ulitetemeka. Hapo mwanzo hakuutilia maanani ule mtetemo. Alipofika katikati ya mstari aligundua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa hatetemeki, na kwamba kama wote wanatetemeka, hawezi kumtambua yule mwenye sababu.

Hakuona kitu.

Aliwaeleza juu ya ugonjwa. Pengine hilo lilikuwa kosa, kwa maana wavulana wakubwa walikuwa wameshasambaza habari za sindano: ni ndefu kama za kufumia sweta, zinaingilia kitovuni na kutokea mgongoni. Sasa mtoto yule, yeyote awaye, alikuwa na vitu viwili vya kuogopa hapa karibu, sindano na mwalimu. Kifo chenyewe kilikuwa mbali, jambo la kusimuliwa.

Jumapili, Dorkasi alimwomba mwinjilisti atangaze kanisani. Wazazi waliguna, wakatazamana, mama mmoja akamvuta mwanawe karibu. Dorkasi, aliyekaa viti vya mbele, hakusikia mahubiri. Aligeuka nyuma mara kwa mara. Kila mtoto aliyekohoa, kila aliyejifuta mdomo, alimtazama mpaka mtoto akainamisha kichwa. Usiku alilala kwa vipande vipande. Alfajiri aliamka na jambo moja moyoni, la aibu: alitamani mzee Yohane awe amesikia vibaya.

Jumatatu aliingia darasani na fimbo yake, akaiinua wote waione, akaivunja kwa goti. Ilikuwa ngumu, ilibidi aivunje mara mbili. Akaweka vipande mezani.

"Mmeona? Sitampiga mtu. Aliyekuwa bondeni aje, hata sasa, hata baadaye, hata nyumbani kwangu. Naapa sitampiga."

Watoto walivitazama vile vipande, kisha wakamtazama yeye, kisha wakatazama chini. Hakuja mtu. Baadaye sana ndipo alipoambiwa walivyofikiri. Walidhani ni mtego. Fimbo nyingine ilikuwa kabatini, kila mtu aliijua, na mipera ilikuwa imejaa njia nzima.

Mchana alimfuata Hamisi nyuma ya darasa la pili. Alikuwa hajawahi kumwomba Hamisi kitu.

"Wewe wanakupenda," alimwambia. "Hebu waulize wewe."

Hamisi alikuwa na chaki mkononi, akawa anaizungusha. "Nimeshawauliza, dada. Tangu siku ile ile."

"Wakasema nini?"

"Niseme?"

"Sema."

"Mmoja aliniambia, 'Mwalimu Hamisi, ukijua wewe, Mwalimu Dorkasi atajua.' Basi. Wakakimbia."

Dorkasi alishika ukuta. Ukuta ule wa udongo waliujenga wazazi kwa kujitolea na ulikuwa na nyufa, na yeye akawa anapitisha kidole kwenye ufa mmoja, juu, chini, kama mtu anayetafuta mwisho wake.

"Tupite nyumba kwa nyumba," alisema mwishowe. "Wewe upande wa Mgwashi, mimi upande wa msituni."

*

Nyumba ya Klara ilikuwa ya mwisho kabisa, mahali ambapo migomba inaishia na miti mikubwa inaanza. Mume wa Klara alikuwa kibarua katika shamba la chai, harudi ila mwisho wa mwezi. Binti yao, Yudith, alikuwa mwanafunzi wa Dorkasi, darasa la nne, mtoto mpole wa kukaa dawati la katikati, ambaye mwalimu humsahau kwa kuwa hana kosa.

Dorkasi alipotokea kwenye njia, Yudith alikuwa uani anapukuchua mahindi kwenye ungo. Aliinua macho. Ungo ukaanguka, mahindi yakamwagika, na kabla Dorkasi hajasema neno, mtoto alikuwa ameshapita nyuma ya nyumba na kupotelea mitini.

Dorkasi alijua. Alijua kama mtu anavyojua jibu la hesabu kabla hajaikokotoa.

Klara alitoka jikoni macho mekundu kwa moshi. "Karibu, mwalimu. Kuna nini?"

"Mama Yudith, mwanao ana jeraha lolote?"

"Jeraha? Hapana." Akafuta macho kwa pindo la kanga. "Alisema mkono unauma. Amejichoma na ukuni, alisema. Siku hizi anafua sweta lake mwenyewe, nikasema mtoto amekua..." Maneno yakamwishia. Alikuwepo kanisani Jumapili. Alifunika mdomo kwa mkono, na wote wawili wakaanza kukimbia kwa wakati mmoja.

Msituni ukungu ulikuwa umeshateremka. Ule ukungu wa jioni wa kule juu hauji kwa haraka, ila ukigeuka nyuma unakuta njia uliyopita haipo. Dorkasi alisikia vijiti vikivunjika mbele, akafuata. Mizizi ilimkwaza. Kiatu kimoja kikatoka, akakiacha.

"Yudith!" aliita. "Yudith, njoo hapa!"

Vijiti vikavunjika mbali zaidi.

"Yudith! Simama hapo hapo!"

Mbali zaidi. Upande ule kulikuwa na makorongo, na Dorkasi aliyajua, kwa kuwa mwaka jana ng'ombe wa mtu alitumbukia akavunjika shingo. Alivuta pumzi ili aite kwa nguvu zaidi, na hapo Klara akamshika bega kutoka nyuma, kwa mkono mgumu wa jembe, akamgeuza.

"Nyamaza!" alisema. "Nyamaza, mwalimu! Huoni? Kila ukiita, anakimbia."

Walisimama wakihema. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani. Mbele hakukusikika kitu tena.

"Yule mtoto anakuogopa wewe kuliko kufa," Klara alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuwa ameiona habari hiyo siku nyingi na leo tu ndiyo kaisoma. "Ondoka. Rudi chini, uende mpaka huko njiani, uende kabisa. Ukiwa hapa hatoki, na giza linakuja."

"Mama Yudith, nisaidie nitafute—"

"Ondoka!"

Dorkasi aliondoka. Katika mambo yote aliyofanya katika ualimu wake, hakuna lililomshinda kama kuteremka njia ile, kiatu mguu mmoja, huku nyuma yake mtoto yuko peke yake karibu na makorongo na ugonjwa mwilini. Kila hatua alitaka kurudi. Nyuma alisikia sauti ya Klara ikianza kuita, kwa Kishambaa, taratibu, sauti ya kumwita mtoto aje ale. Aliendelea kuteremka mpaka hakuisikia tena.

Alikwenda moja kwa moja zahanati. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, mguu una tope mpaka gotini. Darweshi alimtazama, akaleta kikombe cha chai, akakiweka kando yake. Chai ikapoa. Dorkasi alisali, lakini maneno hayakufuatana. Alijiona mbele ya bendera, akisema maneno yale machache. Alijaribu kukumbuka sura ya Yudith akiwa darasani anacheka, akakuta hana sura hiyo.

Jua lilikuwa linazama Klara alipotokea kwenye mteremko, amembeba mtoto mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, miguu mirefu ikining'inia. Yudith alipomwona mwalimu alificha uso shingoni mwa mama yake na kumkaba.

"Mame," alisema, "mame, twende."

"Mwalimu atakaa nje," Klara alisema.

Dorkasi akakaa nje. Kupitia dirishani alimwona Darweshi akikunja mkono wa sweta la bluu, pole pole, kwa maana lilikuwa limegandamana. Juu ya kifundo cha mkono kulikuwa na alama za meno, nyeusi, zilizopakwa majivu. Alikuwa juu ya mpeasi, mtoto alisema, tawi likavunjika, akaanguka mbele ya mbwa. Darweshi alianza kuosha. Alipogeuza kichwa kuelekea dirishani, hakutikisa wala hakuitikia. Hakuwa na la kuahidi.

*

Asubuhi walipata lori la majani ya chai. Dorkasi aliomba kufuatana nao.

"Utakaa mbele na dereva," Klara alisema. "Sisi tutakaa nyuma."

Hospitali ya Bumbuli walimpokea. Dawa za Fanueli zilikuwa zimeletwa kutoka Tanga, na nyingine zikaagizwa. Daktari alieleza kwamba siku zilizopotea zimepotea, kwamba jeraha la mkono liko karibu na kichwa kuliko la mguu, na kwamba watachoma na kungoja. Dorkasi alimwuliza kungoja mpaka lini. Daktari akasema, "Tungoje tu, mwalimu."

Mwalimu mkuu aliporudi kutoka semina, Dorkasi alimweleza kila kitu akiwa amesimama, kama mwanafunzi. Mzee yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamruhusu kwenda Bumbuli kila mwisho wa juma.

Mara ya kwanza alipoingia wodini, Yudith alijaribu kuinuka. Tumbo lilikuwa limevimba kwa sindano, hakuweza kukunja mwili, lakini alishika ukingo wa kitanda, akajivuta ili asimame wima, kama wanavyosimama mwalimu akiingia darasani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Lala, mwanangu. Lala. Marahaba. Lala."

Alikaa kando ya kitanda, hajui aweke wapi mikono yake. Fanueli, kitanda cha pili, alikuwa amelala amefunguka mdomo.

"Kwa nini hukuniambia, Yudith?"

Mtoto alifikiri kwa uaminifu, kama anayejibu swali la mtihani. "Ulisema tutakukuta wewe, mwalimu."

Juma lililofuata, Dorkasi alifika akakuta Klara amesimama katikati ya wodi na kikombe cha maji mkononi, na uso wa Klara haukuwa na damu.

"Hataki maji," Klara alinong'ona. "Tangu jana usiku. Nikimletea anageuza uso."

Dorkasi alitazama kitandani. Yudith alikuwa amejikunja, joto limempanda, macho yanang'aa. Klara alisogeza kikombe. Mtoto akaona maji, akafunga macho, akasukuma kikombe kwa mkono, na maji yakamwagika kwenye shuka. Alitoa sauti ndogo kooni.

Dorkasi alishika chuma cha kitanda. Mbeba magunia wa Mombo alisimama mbele yake, na wale wanaume wanne, na udenda. Klara alianza kulia bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, na wale wanawake wawili, ambao hawakuwa wamesemezana ila maneno ya lazima, walijikuta wameshikana mikono kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Muuguzi alikwenda kumwita daktari. Alichukua muda. Dorkasi aliutazama mlango ule na kila aliyepita alikuwa si yeye.

Daktari alikuja, akamwambia mtoto afungue kinywa. Hakufungua. Akamwambia tena, taratibu, akambonyeza taya. Akachungulia kwa tochi, akachungulia upande wa pili, akaweka vidole chini ya masikio.

"Anameza kwa shida tangu lini?"

"Jana," Klara alisema.

"Mafindofindo," daktari alisema. "Koo limevimba limefunga. Ndiyo maana." Akawatazama wale wawili, akaona, akaongeza haraka, "Ni mafindofindo, mama. Ni koo tu. Mpeni uji mwepesi, uwe wa vuguvugu."

Klara alikaa chini sakafuni. Dorkasi alitoka nje mpaka nyuma ya jiko la hospitali, akatapika. Aliporudi, Yudith alikuwa anameza uji, kijiko kidogo kidogo, akikunja uso kila akimeza, na hawakumwondolea macho mpaka bakuli likaisha.

*

Wote wawili walipona, Fanueli na Yudith. Niseme hawakuugua, maana hakuna aliyejua kwa hakika kama ugonjwa ulikuwamo, na mpaka mwaka ulipokwisha Dorkasi hakuthubutu kusema wamepona. Kila asubuhi kabla ya kengele alisimama karibu na mfereji wa shule, mikono nyuma, akiwatazama watoto wakinywa. Watoto walidhani analinda maji yasichezewe.

Hakugeuka malaika. Siku moja alimzaba kofi mvulana aliyemjibu ovyo, na usiku ule hakula. Bila fimbo darasa lilimpa taabu. Lilipiga kelele, na kelele zile zilimrudisha Pangani. Alijifunza pole pole, kwa kumwiga Hamisi bila kumwambia, kungoja mpaka wanyamaze wenyewe. Mara nyingine walinyamaza. Mtihani wa mwaka uliofuata walishika nafasi ya chini, na katika mkutano wa wazazi mjumbe mmoja alisimama akasema, "Ndugu Mwenyekiti, mwalimu wetu amelegea. Zamani watoto walikuwa wanasikia jina lake tu wanakaa sawa." Watu wakapiga makofi. Dorkasi alimtafuta Klara kwa macho. Klara alikuwa anamnyonyesha mdogo wa Yudith, na hakusema neno, la kumtetea wala la kumshtaki.

Mwaka 1976 barua ya uhamisho ilikuja, kwenda Lukozi. Alifunga vitu vyake. Asubuhi ya kuondoka alifungua mlango akamkuta Yudith amesimama nje, msichana sasa, yuko darasa la saba, amekunja kata ya kanga kichwani.

"Shikamoo, mwalimu. Mama amesema nije nikusaidie mzigo."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Alijitwika sanduku kichwani, akatangulia. Waliteremka njia ya Mgwashi. Kisha Yudith, bila kugeuka, akaanza kueleza habari za kuku wa mama yake, ambaye amekataa kutagia kwenye tenga alilowekewa na kila siku anaingia jikoni kutagia ndani ya sufuria kubwa, na jinsi baba yake alivyorudi kutoka kwenye chai akataka kuchemsha maji ya kuoga, akawasha moto bila kuchungulia. Dorkasi aliuliza, "Ikawaje?" Yudith akaeleza. Kutoka hapo akahamia kwa mbuzi wa jirani, na kutoka kwa mbuzi akahamia kwa Mwalimu Hamisi, anayetaka kuoa lakini hana ng'ombe. Sauti yake ilikuwa nene kidogo, ya haraka, na Dorkasi alimfuata nyuma akiisikiliza kama mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza.

Basi la Lushoto lilipofika njia panda, mzigo ukapandishwa juu, na Yudith alikuwa bado hajamaliza kusimulia.